Kijiji, Seli na Makazi: Maneno na Mipaka Kando ya Mto Rwizi, kutoka Nyamitanga hadi Nakivale

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi vijiji vilivyokuwa kando ya mto Rwizi, kusini-magharibi mwa Uganda, vilivyogeuka kuwa sehemu ya jiji la Mbarara, na kwa nini vijiji vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, vilivyomo katika bonde la mto huohuo, havijapitia mageuzi ya aina hiyo licha ya wingi wa wakazi wake. Inadaiwa kwamba mageuzi ya kijiji kuwa mtaa wa jiji hutukia katika maneno ya sheria na utawala mapema kuliko yanavyotukia ardhini. Inaonyeshwa pia kwamba Kiswahili, ambacho kikatiba ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, hakina msamiati thabiti wa kuyataja mageuzi hayo, na kwamba upungufu huo unawagusa moja kwa moja watu wanaopaswa kujua haki zao juu ya ardhi na maji.

Utangulizi

Jiji la Mbarara na makazi ya Nakivale hutajwa pamoja kwa nadra. Mbarara huandikwa na wataalamu wa miji, Nakivale huandikwa na wataalamu wa wakimbizi, na kila kundi lina mikutano yake, wafadhili wake na istilahi zake. Hata hivyo, sehemu hizi mbili, ambazo zimetengana kwa takriban kilomita 60 za barabara, zilikuwa chini ya wilaya moja ya Mbarara hadi mwaka 2005, wilaya ya Isingiro ilipomegwa. Zaidi ya hayo, zinaunganishwa na maji. Mto Rwizi huanzia katika vilima vya Buhweju, hupita kusini mwa kitovu cha Mbarara, kisha huelekea mashariki hadi katika mfumo wa maziwa na ardhi oevu wa Mburo na Nakivale, ambao tangu mwaka 2006 umo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kinachomwagwa mtoni Mbarara huteremka kuelekea walikotengewa wakimbizi.

Wanajiolojia wanaeleza kwamba zamani za kale Rwizi, kama ilivyokuwa kwa Katonga na Kafu, ulitiririka kuelekea magharibi, na kwamba kuinuka kwa ukingo wa Bonde la Ufa ndiko kulikougeuza mwelekeo. Habari hiyo haihusiani moja kwa moja na mada ya makala hii, ila inafaa kukumbukwa na mtu yeyote anayedhani kwamba juu na chini katika bonde hili ni mambo yaliyokuwapo tangu awali.

Majina ya mahali hapa bado yanasikika kuwa ya kijijini. Mbarara linatokana na emburara, aina ya nyasi ndefu iliyokuwa imetanda katika vilima vya hapo. Rwizi ni jina linalofanana waziwazi na neno la Runyankore amaizi, yaani maji, ambalo ni ndugu wa neno maji la Kiswahili. Mto kwa Runyankore ni omugyera, na mto mkubwa wa kusini, unaopakana na Tanzania, umebeba mzizi huohuo kwa kiambishi cha udogo: Akagyera, ambao Waswahili huuita Kagera. Kwa mto wenye ukubwa ule, kuitwa kijito ni kama utani.

Ng'ambo ya mto

Kabla ya ukoloni, Ankole haikuwa na mji mkuu wa kudumu. Neno orurembo, ambalo siku hizi hutumiwa kwa maana ya jiji, lilitaja makao ya mfalme, Omugabe, na makao hayo yalihama. Yalipohama, yalihama pamoja na watu, ng'ombe na shughuli za utawala, na mahali palipoachwa palirudi kuwa ekyaro, kijiji au shamba. Jiji, kwa maana hiyo ya zamani, lilikuwa hali ambayo mahali pangeweza kuipata na kuipoteza. Waingereza ndio waliolisimamisha. Mwaka 1898 waliweka kituo chao Mbarara, mwaka 1901 wakatia saini mkataba na ufalme wa Ankole, na Omugabe Kahaya akawa na ikulu yake katika kilima cha Kamukuzi, jirani na ofisi za wakoloni. Tangu hapo orurembo haukuhama tena, hata baada ya falme kufutwa mwaka 1967. Falme nyingine za Uganda ziliporudishwa kuanzia mwaka 1993, ule wa Ankole haukurudishwa. Leo wakazi wa Mbarara wanaishi katika orurembo usio na Omugabe, na neno limezoea maana yake mpya bila taabu.

Kituo cha kikoloni kilijengwa upande wa kaskazini wa mto. Waanglikana walijenga Ruharo, upande huohuo, ambako shule ya Mbarara High School ilianzishwa mwaka 1911. Wakatoliki, kupitia Mapadri Weupe, walijenga upande wa pili, katika kilima cha Nyamitanga. Mpangilio huo, wa serikali na Waanglikana kwenye ukingo mmoja na Wakatoliki ng'ambo, uliathiri ramani ya jamii kwa miongo mingi. Nyamitanga ilipata kanisa ambalo baadaye lilikuwa kanisa kuu la dayosisi ya Mbarara iliyoundwa mwaka 1953. Ilipata pia shule, ikiwemo ya wasichana ya Maryhill. Kwa hiyo Nyamitanga ilikuwa na majengo ya matofali, kengele na wasomi muda mrefu kabla haijaitwa mji. Kuuzunguka utume huo, katika sehemu za Katete na Ruti, maisha yaliendelea kuwa ya migomba, mifugo, na udongo wa mtoni uliofinyangwa kuwa matofali ya kujengea upande wa pili.

Msomaji wa pwani atatambua hali hii kwa haraka. Zanzibar ilikuwa na Mji Mkongwe upande mmoja wa mkono wa bahari na Ng'ambo upande mwingine, na Ng'ambo iliendelea kuitwa hivyo hata baada ya mkono ule wa bahari kufukiwa hatua kwa hatua na kuwa barabara. Palipokuwa na maji pakawa na lami, lakini neno lilibaki likiwakumbusha watu nani alikuwa wa mjini na nani wa upande wa pili. Nyamitanga ni ng'ambo ya aina hiyo, kwa tofauti moja: mto Rwizi haujafukiwa. Ungali unatenganisha, na madaraja ndiyo yaliyokuwa kigezo halisi cha umbali. Mkazi wa Katete angeweza kuuona mji kila asubuhi na bado akahesabiwa kuwa mtu wa shamba.

Historia ya mji wenyewe haikuwa ya kukua kwa utulivu. Septemba 1972 kambi ya jeshi ya Mbarara ilishambuliwa na Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania, na wimbi la mauaji ya kulipiza kisasi likafuata. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliuteka mji, na majengo mengi yaliharibiwa. Kati ya matukio hayo mawili, mwaka 1974, Mbarara ilikuwa imepewa hadhi ya manispaa. Kwa mwanaisimu kuna jambo jingine la kuzingatia katika miaka hiyo. Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na katika mji wenye kambi ya jeshi, lugha hiyo ilisikika kwanza kama sauti ya askari. Miaka sita baadaye ilisikika tena kutoka kwa askari wengine. Anayeshangaa kwa nini Kiswahili kina ugumu wa kukubalika katika mikutano ya mitaa ya Mbarara hana haja ya kutafuta sababu mbali.

Mji uliovifuata vijiji

Takwimu za sensa zinaonekana kusimulia hadithi inayofahamika. Mwaka 1991 manispaa ya Mbarara ilikuwa na watu takriban 41,000. Mwaka 2002 walikuwa takriban 69,400. Mwaka 2014 walikuwa zaidi ya 195,000. Mtu asiyeujua mji anaposoma namba hizi huona picha ya watu wakimiminika kutoka mashambani. Sehemu ya picha hiyo ni ya kweli: chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, biashara ya maziwa na ndizi, na barabara kuu za kuelekea Kabale na Kampala ziliwavuta wengi. Lakini namba ya 2014 ilihesabiwa katika mipaka tofauti. Manispaa iliyokuwa na divisheni tatu, yaani Kakoba, Kamukuzi na Nyamitanga, iliongezewa nyingine tatu zilizokuwa kata za mashambani: Biharwe, Kakiika na Nyakayojo. Maelfu ya watu waliingia mjini bila kuvuka hata kizingiti cha mlango.

Tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ilipandishwa hadhi na kuwa jiji, pamoja na miji mingine ya Uganda, na divisheni sita zikaunganishwa kuwa mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Nyamitanga iliangukia Kusini. Kilima kilichokuwa ng'ambo ya mji sasa kimo ndani ya nusu nzima ya jiji, na mto uliokuwa mpaka umekuwa maji yanayopita katikati.

Mageuzi haya yalikuwa na hatua moja ndogo ya kiisimu ambayo mara nyingi hupuuzwa. Katika utawala wa Uganda, ngazi ya chini kabisa ni LC1, baraza la kijiji, mrithi wa mabaraza ya upinzani yaliyoenezwa nchini baada ya mwaka 1986. Kizio hichohicho, chenye mwenyekiti na kamati, huitwa kijiji kikiwa shambani, na mjini Mbarara huitwa kwa neno la Kiingereza lililotoholewa kuwa seli. Kampala kizio hicho huitwa zoni. Mpaka wa mji unaposogezwa, mwenyekiti hubaki yuleyule, mhuri hubadilishwa, na kijiji huamka kikiwa seli. Siku hiyohiyo mambo kadhaa hubadilika kisheria au huanza kudaiwa: kodi ya majengo, kibali cha kujenga, masharti ya kufuga, leseni ya biashara ndogo. Sheria ya Mipango ya Maeneo ya mwaka 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo kinadharia hata kijiji kinapaswa kuwa na mpango. Kiutendaji, neno seli ndilo linalomleta mkaguzi.

Maneno yasiyolingana

Kwa mfasiri wa Kiswahili, seli ni balaa. Katika Kiswahili sanifu neno hilo ni la biolojia, au la mahabusu. Tangazo linalosema kwamba wakazi wa seli fulani wakutane Jumamosi linaweza kumfanya mgeni ajiulize ni kosa gani limetendwa. Njia ya kukwepa ni kulitafsiri kwa neno lingine, na hapo ndipo matatizo mengine huanza, kwa sababu Kiswahili kina maneno mengi kwa jambo hili na kila nchi imeyapa maana yake.

Chukua neno kitongoji. Nchini Tanzania, kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, kitongoji ni sehemu ya kijiji. Kizio cha mjini ni mtaa. Nchini Kenya, vyombo vya habari hutumia kitongoji kwa sehemu yoyote ya makazi pembezoni mwa jiji, na kitongoji duni kwa eneo la mabanda. Kwa hiyo mwandishi anayesema Katete ni kitongoji cha Mbarara anamwambia Mtanzania kwamba Katete ni kipande cha kijiji, na anamwambia Mkenya kwamba ni kiunga cha mji. Wote wawili wameelewa, na kila mmoja ameelewa lake. Kiunga, kwa upande wake, kilikuwa bustani au shamba la pembezoni mwa miji ya mwambao, na wingi wake, viunga, umebaki kuwa neno zuri la kutaja ukingo wa mji. Upungufu wake ni kwamba halina mwenyekiti: hakuna sheria yoyote ya Afrika Mashariki inayolitambua kama kizio cha utawala.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi tukimtazama msikilizaji anayekusudiwa. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili katika eneo la Mbarara na Isingiro hawakutoka Tanzania wala Kenya. Walitoka Kongo ya mashariki na Burundi, na wamekuja na ngazi zao vichwani. Mtu wa Bukavu au Goma huishi *mu kartiye*, na kartiye imo ndani ya komini ya mji. Kwake neno hilo lina harufu ya mjini tangu mwanzo. Kwa mtu wa mashambani Burundi, kizio cha msingi ni mlima: husema ametoka mlima fulani, naye hamaanishi kwamba aliishi kileleni. Mnyarwanda anaijua akagari, ambayo kwa Kiingereza hutafsiriwa kwa neno lilelile lililozaa seli ya Mbarara. Ila Rwanda akagari iko juu ya kijiji, umudugudu, ilhali Mbarara seli ndiyo kijiji chenyewe kilichobadilishiwa jina. Mnyarwanda anayeambiwa aende kwa mwenyekiti wa seli ana kila sababu ya kumtafuta mtu mkubwa kuliko yule anayehitajika.

Katika mazingira haya, neno mtaa ndilo linalofaa zaidi kutafsiri kizio cha LC1 kilichomo mjini. Linaeleweka Bujumbura, linaeleweka Bukavu, linatumika kisheria Tanzania, na halimtishi mtu. Kijiji kibaki kwa LC1 ya shambani. Pendekezo hili linaonekana dogo mno kuletwa mbele ya kongamano, lakini udogo huo ndio uliolifanya lisishughulikiwe.

Vijiji vya Nakivale

Nakivale ilianza kupokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959, ikatangazwa rasmi kuwa eneo la wakimbizi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na inahesabiwa miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe zaidi barani Afrika. Ina ukubwa wa kilomita za mraba takriban 185 kulizunguka ziwa lenye jina hilo. Imegawanywa katika kanda tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na ndani yake kuna vijiji zaidi ya 70. Katika miaka ya karibuni wakazi wake wamezidi 150,000: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Idadi hiyo ni zaidi ya mara mbili ya watu wote wa manispaa ya Mbarara mwaka 2002.

Base Camp ina maduka ya jumla, migahawa, vibanda vya kutuma fedha, makanisa, misikiti, mashine za kusaga, na sehemu zinazoitwa kwa majina ya kwao, kama New Congo. Jina hilo la Base Camp lina kichekesho chake: wakazi wengi huiita Nakivale nzima kambi, wakati serikali ya Uganda imeshikilia kwa miaka mingi kwamba nchi yake haina kambi, ina makazi. Tofauti hiyo ni ya maana. Katika kambi mtu huzungushiwa ua na kulishwa. Katika makazi hupewa kiwanja cha kujenga na kulima, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa uhuru wa kutembea na kufanya kazi. Uganda imesifiwa duniani kwa sera hiyo, na kwa haki. Lakini katika Kiswahili neno makazi ni mahali popote mtu anapokaa. Fomu ya mjini humuuliza mtu makazi yake, na fomu ya Nakivale humwambia kwamba yumo katika makazi. Neno moja linataja nyumba ya mtu na pia eneo maalumu la kisheria ambamo nyumba hiyo haiwezi kuwa mali yake.

Hapo ndipo tofauti na Nyamitanga inapodhihirika. Kijiji cha Nakivale kina mwenyekiti wa Baraza la Ustawi wa Wakimbizi, lililoundwa kwa mfano wa LC na lenye ngazi tatu. Mahali ambapo raia na wakimbizi wanaishi jirani, kunaweza kuwa na wenyeviti wawili: mmoja wa LC1 kwa raia, mwingine kwa wakimbizi. Wa kwanza amesimama kwenye ngazi inayopanda hadi wilayani. Wa pili amesimama kwenye ngazi inayoishia kwa kamanda wa makazi, ambaye yuko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa hiyo kijiji cha wakimbizi, hata kikijaa maduka na nyumba za matofali, hakina njia ya kiutawala ya kuwa mtaa. Ardhi ni ya kutumia. Hairuhusiwi kuuzwa wala kukodishwa na aliyeipewa. Mpaka wa mji hauwezi kusogea ukaikuta, kwa sababu tayari imo ndani ya mpaka wa namna nyingine.

Madhara ya mipaka ya namna hii yamewahi kuonekana waziwazi. Oktoba 1982 maelfu ya watu waliotajwa kuwa Wanyarwanda walifukuzwa majumbani mwao katika vijiji vya Ankole. Wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine walisukumwa kuingia katika makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwa mojawapo. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa na uraia wa Uganda na waliokuwa wameishi katika vijiji hivyo kwa muda mrefu. Kijiji kilikuwa mahali pa raia, makazi yalikuwa mahali pa mkimbizi, na mtu alihamishwa kutoka neno moja kwenda jingine kwa nguvu. Historia hiyo haijasahauliwa, na inaeleza kwa sehemu kwa nini baadhi ya Wakongo na Warundi wanaopanga vyumba Mbarara huepuka kujitokeza kwenye mikutano ya mtaa. Msaada hutolewa ndani ya makazi. Aliyeko mjini anajitegemea, na mikutano yenyewe kwa kawaida huendeshwa kwa Runyankore.

Tanzania inatoa mfano wa njia nyingine, ingawa haukuwa mwepesi. Makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu yaliwekwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mwaka 1972. Zaidi ya Warundi 160,000 wa kundi hilo walikubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Awali walitakiwa kuhama waende mikoa mingine, kana kwamba uraia wao hauwezi kuota mahali palepale. Baadaye waliruhusiwa kubaki. Swali lililofuata lilikuwa la kimsamiati kwa kiasi kikubwa: makazi yakiisha kuwa makazi, yanakuwa nini? Vijiji, vitongoji, kata? Ilikuwa lazima yapewe mojawapo ya majina hayo ndipo yaweze kuwa na bajeti.

Maji na tangazo

Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinautaja Rwizi miongoni mwa mito ambayo ukanda wa mita 100 kutoka ukingoni umehifadhiwa. Kanuni hizo hazitofautishi mjini na shambani. Lakini ukanda wa mita 100 katika Katete ya migomba ulikuwa jambo moja, na katika Katete ya viwanja vilivyopimwa ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa thamani ya kila mita imepanda mara neno lilipobadilika. Uchimbaji wa mchanga, ufyatuaji wa matofali, uoshaji wa magari na kilimo cha hadi ukingoni vimeupunguzia mto maji na kuuongezea tope. Mamlaka zimeweka alama za mpaka na kupanda miti sehemu kadhaa. Ilani huandikwa kwa Kiingereza, na maelezo ya mdomo hutolewa kwa Runyankore. Mpangaji anayefyatua matofali kwa ujira, aliyetoka Kivu, hupata habari za ukanda huo siku anapofukuzwa.

Mbarara imekuwa ikichota maji yake Rwizi, katika mtambo wa Ruharo. Mto ulipopungua, Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka liligeukia Kagera, na mradi mkubwa umejengwa wa kuyasafisha maji hayo wilayani Isingiro ili yahudumie Mbarara na pia sehemu za Isingiro zenye wakimbizi. Mwelekeo wa utegemezi umegeuka: jiji lililokuwa juu ya mto sasa linasubiri maji kutoka katika wilaya iliyo chini yake. Wakazi wa Nakivale, ambao kwa miaka mingi wametegemea maji yanayosukumwa kutoka ziwani mwao, watakuwa wateja wa bomba linaloendelea hadi Nyamitanga. Watahitaji mikataba, mita, ankara na mahali pa kupeleka malalamiko, na kila karatasi kati ya hizo huuliza kijiji au mtaa.

Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, itakayotumika kwa namna Bunge litakavyoagiza. Mwaka 2019 baraza la mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili, na Julai 2022 likakubali kutekeleza agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Jumuiya. Mjadala uliofuata umejikita zaidi shuleni: walimu, vitabu, mitihani. Uko upande mwingine ambao ungegharimu kidogo zaidi na kuonekana mapema. Baraza hilo, likishirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, lingeweza kuanza na orodha fupi ya istilahi za utawala wa ngazi ya chini: LC1 ya shambani, LC1 ya mjini, kata, divisheni, ukanda wa hifadhi ya mto, haki ya kutumia ardhi, haki ya kumiliki, makazi ya wakimbizi, na kijiji kilichomo ndani yake. Kila istilahi ipimwe kwa wasemaji wa Kiswahili cha Kivu na cha Bujumbura waliopo Nakivale kabla ya kuidhinishwa, kwa sababu wao ndio watakaoisoma kwa wingi. Istilahi ya mwisho katika orodha hiyo ndiyo ngumu zaidi. Ikiitwa kijiji bila nyongeza, itaahidi kitu ambacho sheria haijatoa. Ikipewa jina la pekee, itathibitisha kwamba mahali palipokaliwa kwa zaidi ya miaka 60 hapahesabiwi pamoja na vingine. Washauri wa sera katika Ofisi ya Waziri Mkuu na katika baraza la jiji la Mbarara hawawezi kuwaachia wafasiri uamuzi huo, na fomu za wateja wa maji zitahitaji kuchapishwa hata kama uamuzi haujafanywa.